Pampu kiunoni, bembea angani: Kisukari si tiketi ya kubaki kulinda mikoba!

HIVI msomaji wangu, ushawahi kumwona mtu aliyekata tiketi ya bei mbaya kuingia kwenye starehe, halafu akashinda kutwa amekaa kwenye benchi akilinda mikoba ya wenzake? Basi huko Marekani wapo wa aina hiyo, na wala si kwa uoga au uzee. Wamekalishwa benchi na kidubwasha kidogo kama simu ya mkononi kinachoning'inia kiunoni. Kinaitwa pampu ya insulini.

Leo safu yetu inapanda pipa hadi mji wa Orlando, jimbo la Florida. Huko ndiko kwenye viwanja vya bembea ambavyo watoto wa mamtoni wanavililia usiku na mchana. Walt Disney World ilifungua milango yake Oktoba 1, 1971. Jirani zao Universal wakafungua kiwanja chao mwaka 1990. Tangu hapo ni ushindani mtupu, kila mmoja anataka kumrusha mteja juu zaidi ya mwenzake.

Kuna treni zile za kupanda kilima cha chuma na kuporomoka ghafla, wenyewe wanaziita rolakosta. Ipo Space Mountain ya Disney, ya tangu mwaka 1975, inayokimbia gizani. Ipo Tower of Terror ya mwaka 1994, lifti inayokuachia ghafla hadi tumbo likapanda kooni. Na ipo VelociCoaster ya Universal, ya mwaka 2021, inayofika kilomita 112 kwa saa, inapanda mita 47 na kukupindua miguu juu kichwa chini mara nne. Si mchezo, bwana!

Sasa swali ni hili: mwenye kisukari aliyevaa pampu apande au asipande?

Jibu fupi: kama daktari wake hana neno, na kibao cha pale mlangoni hakimkatazi, apande. Lakini aijue saa. Maana mara nyingi kinachomletea balaa si zile dakika 3 za kupiga mayowe. Ni ule muda ambao pampu haipo mwilini na hakuna aliyeuhesabu.

KIDUDE CHENYEWE NI NINI?

Tuanze mwanzo ili tusiachane njiani. Kuna kisukari kinachowapata zaidi watu wazima, hicho wengi tunakijua mtaani. Na kuna kile cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Huyu kongosho lake limeacha kabisa kutengeneza insulini, na sababu si kwamba amekula pipi nyingi. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe imegeuka na kushambulia zile chembe zinazotengeneza insulini. Bila insulini ya kutoka nje haishi. Mtoto wa kwanza kuponea insulini ya sindano alikuwa Leonard Thompson wa Toronto, Kanada, aliyekuwa na miaka 14, mwezi Januari 1922. Kabla ya hapo mgonjwa alikuwa akisubiri siku tu.

Wengi wanaochoma sindano hutumia insulini za aina mbili. Moja ya polepole, inayokaa mwilini siku nzima kama akiba. Nyingine ya haraka, ya kuchoma wakati wa kula.

Pampu yenyewe haina mambo ya aina mbili. Ndani mna ile ya haraka peke yake. Inadondosha kidogo kidogo mchana na usiku kupitia kimpira chembamba hadi kwenye kijimrija laini kilichochomekwa chini ya ngozi, tumboni au pajani. Ukitaka kula unabonyeza, inakuongezea. Raha mustarehe, sindano kumi zimegeuka kitufe.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Kwa kuwa ni ya haraka, nayo huisha haraka. Ndani ya saa 3 hadi 5 hivi inakuwa imemaliza kazi yake. Ukichomoa pampu, huna akiba. Madaktari wengi huwaambia wagonjwa wao wasipitishe saa 1 bila pampu, ikizidi sana 2, pasipo kupima na kufidia dozi. Ukizidisha, sukari inapanda, mwili unaanza kuunguza mafuta na kutoa sumu inayoitwa ketoni. Kichefuchefu, kutapika, pumzi nzito, mdomo kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Asipowahiwa hospitali anaweza kupoteza fahamu na hata maisha.

HATA WAREMBO WANAVAA

Isije mtu akadhani pampu ni ya wagonjwa mahututi. Mwaka 1963 hivi, daktari Arnold Kadish wa Los Angeles alitengeneza moja ya ukubwa wa begi la mgongoni, kama mwanajeshi anayekwenda vitani. Miaka ya 1970 akaja fundi Dean Kamen na kuipunguza. Leo zipo zinazoenea kiganjani, zinazoongea zenyewe na kidude cha kupima sukari kilichobandikwa mkononi, na kuongeza au kupunguza dozi bila mtu kugusa.

Na walimbwende je? Nicole Johnson, aliyetwaa taji la Miss America 1999, alikuwa akivaa pampu. Mwaka 2014 naye Sierra Sandison, Miss Idaho, alipita jukwaani na vazi la kuogelea huku pampu yake ikining'inia waziwazi. Picha ikazunguka dunia, na watu kibao wakaanza kuonyesha za kwao. Kama mrembo anapanda nayo jukwaani mbele ya majaji, kwa nini mwanafunzi ashindwe kuvaa yake kwenye foleni ya bembea?

MAMA KAGOMA, BINTI KANUNA

Dada mmoja anayeishi Tampa, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari hadi Orlando, alinisimulia ya nyumbani kwa mdogo wake. Ni familia ya kwetu, asili Tanga. Binti yao ana miaka 14 na amevaa pampu tangu darasa la tatu. Shule yao ikaandaa safari ya Orlando. Mama mtu akasema utakwenda, lakini bembea hupandi hata moja, utakaa na mwalimu.

Binti akaenda. Kutwa nzima akashika kofia, miwani na simu za wenzake. Jioni wenzake wanarudi wamekauka sauti kwa kupiga mayowe, yeye mikono imemuuma kwa kubeba. Alipofika nyumbani akamwambia mama yake neno moja: "Mama, ugonjwa ni wangu, lakini woga ni wako."

Loo! Mama alilia, na mimi simlaumu. Alishamwona mwanawe chumba cha wagonjwa mahututi siku ugonjwa ulipogundulika. Mama aliyeona hayo haambiwi "usiogope" akaelewa. Anachohitaji ni mpango, siyo hotuba. Basi mpango wenyewe ndio huu.

HESABU YA FOLENI

Chukua kalamu. Tuseme mtoto atapanda bembea 6 kwa siku. Kila foleni ni dakika 45, na kupanda hadi kushuka ni dakika 5. Akichomoa pampu mwanzo wa foleni na kumwachia mama benchi, kila bembea inamla dakika 50. Mara 6 ni dakika 300, yaani saa 5 bila insulini! Kama pampu yake humpa yuniti 0.8 kwa saa, amekosa yuniti 4 kamili, na hapo bado hajala chipsi.

Sasa abaki na pampu yake mwilini foleni yote, achomoe pale tu anapokaribia kukaa kwenye kiti, na airudishe mara anaposhuka. Weka dakika 10 kwa kila bembea. Mara 6 ni dakika 60. Siku nzima kakosa yuniti 0.8 tu. Umeona tofauti? Bembea ni zile zile, mtoto ni yule yule, kilichobadilika ni saa ya kuchomoa.

Kwa hiyo kanuni ni moja: chomoa dakika ya mwisho, rudisha dakika ya kwanza. Na kama foleni imekwama akiwa ameshachomoa, airudishe, asione haya.

Mambo matatu yasisahaulike hapo. Kwanza, abonyeze pampu isimame kabla ya kuichomoa. Asipoisimamisha itaendelea kudondosha dawa mfukoni, nayo itahesabu kwamba imeingia mwilini. Pili, akirudisha aiwashe tena na ahakikishe inafanya kazi. Watu wanarudisha wanasahau kuiwasha, wanashtuka jioni sukari iko mawinguni. Tatu, pampu ikabidhiwe mtu anayejulikana kwa jina na sura, siyo "mwachie tu yeyote pale". Bei yake ni maelfu ya dola, ikidondoka kutoka mita 47 hakuna fundi wa kuigundisha.

KWA NINI ICHOMOLEWE?

Kuna atakayeniuliza, si abaki nayo tu? Inategemea pampu na bembea yenyewe. Bembea za polepole, zile za vikombe na farasi wa kuzunguka, wengi hawachomoi. Lakini kitabu cha pampu ya t:slim X2, kwa mfano, kinamtaka mvaaji aichomoe kabla ya bembea za kasi kubwa na zenye mrusho mkali, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla yanaweza kuvuruga utoaji wa dawa.

La pili ni sumaku. Bembea nyingi za kisasa hazisukumwi na mnyororo, zinasukumwa na sumaku za umeme. VelociCoaster ni mojawapo. Nyingine, hasa zile za kuachiwa kutoka juu, hufungwa breki kwa sumaku. Na pampu ndani yake ina mota ndogo na vifaa vya elektroniki ambavyo haviivani na sumaku kali. Watengenezaji kadhaa wameonya hivyo kwenye vitabu vyao. Kila pampu ina kitabu chake, kwa hiyo kisomwe nyumbani, siyo kwenye foleni huku watu wanasukumana nyuma.

Wanaovaa ile ya kubandika isiyo na mpira, kama Omnipod, wao hawawezi kuchomoa na kurudisha. Ukiibandua umeitupa, inabidi uweke mpya. Hawa wapange mapema. Waulize daktari na kampuni bembea zipi waziache, na siku mbili kabla wabandike mahali ambapo chuma cha kiti hakitakwangua. Mkono wa nyuma au mgongo wa chini ni afadhali kuliko tumboni kunakobanwa na chuma. Na wabebe nyingine ya akiba.

Pale kwenye baadhi ya bembea za Universal kuna mashine za kukagua chuma, maana hawataki mtu aingie na kitu mfukoni. Mtoto amwambie mhudumu mapema, kwa sauti: hiki ni kifaa cha matibabu. Si siri na si aibu.

MAJI NAYO

Walioteleza kule Kunduchi wanajua, maji hayana adabu, yanaingia kila mahali. Hapa napo pampu hazilingani. Medtronic 780G inahimili kina cha mita 3.6 kwa saa 24. Omnipod inahimili mita 7.6 kwa dakika 60, lakini kile kidude chake cha kuiongozea hakitaki maji. T:slim X2 ni ya kina cha mita 0.9 kwa dakika 30 tu. Na hizo ni ahadi za pampu mpya. Ikiwa na ufa, hata tone linaweza kuimaliza. Kwenye mateleza ya maji wengi huona heri kuichomoa, kuifungia kwenye mfuko usiopitisha maji, na kurudi kila baada ya muda kupima na kuongeza dozi.

JUA LA FLORIDA

Julai na Agosti joto la Orlando hufika nyuzi 33 na zaidi, na unyevu juu yake kama Dar ya Februari. Insulini haipendi joto. Vitabu vya pampu vinaonya kwamba ikipita nyuzi 37 inaweza kuharibika. Pampu iliyoachwa kwenye begi juani, au ndani ya gari lililofungwa, inaweza kubeba maji matupu yasiyo na kazi. Mtoto anabonyeza, dozi inaingia, sukari haishuki, kila mtu anashangaa.

Dawa yake ni ya bibi zetu. Kuna vipochi vinaitwa Frio, unavilowesha maji na vinabaki na ubaridi kwa saa nyingi bila barafu. Siri yake ni ile ile ya mtungi wa udongo: maji yanapokauka yanaondoka na joto. Vichupa vya akiba vikae humo. Na barafu ya moja kwa moja hapana, insulini ikiganda imekufa.

Viwanja vya Disney vina vituo vya huduma ya kwanza, na wauguzi wapo. Unaweza kuwaachia dawa wakakuwekea kwenye friji. Hilo watu wengi hawalijui, wanahangaika na barafu kutwa nzima.

KUPANDA KUNA MAMBO, KUSHUKA KUNA MAMBO

Sasa sikiliza hapa, ndipo wengi wanapojikwaa. Mtoto akishuka kwenye bembea ya kutisha, sukari inaweza kuwa imepanda. Ni ule mshtuko, mwili umemwaga homoni za "kimbia au pigana". Mama akiona namba imepanda anakimbilia kumwongezea dozi. Kumbe mtoto kutwa nzima anatembea kilomita kadhaa, na kutembea kunashusha sukari, na joto nalo linaharakisha insulini. Saa moja baadaye dozi ile inakutana na matembezi, sukari inaporomoka kuliko treni yenyewe!

Basi taratibu. Akishuka arudishe pampu, anywe maji, asubiri kidogo, apime, aangalie pampu inasema dozi kiasi gani bado inafanya kazi mwilini. Ndipo aamue.

Namba nazo zisikuchanganye. Mashine za Marekani hazisomi kama za kwetu. Yetu ikisema 4, yao inasema 70 na ushee. Yetu 10 ni yao 180. Gawanya ya kwao kwa 18 utapata ya kwetu. Shangazi aliyetoka Dar kumsindikiza mtoto akiona 180 asipige ukunga, na akiona 60 asiseme "mbona nyingi". 60 ni hatari.

Ikishuka chini ya 70 yao, mpe gramu 15 za sukari ya haraka: nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida, au vidonge vya glukosi vinne. Subiri dakika 15, pima tena, kama bado rudia. Chokoleti isiwe ya kwanza, mafuta yake yanachelewesha sukari. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akiongea visivyo, asipande kitu chochote hadi atulie. Lakini kama amezimia au hawezi kumeza, usimtilie kitu mdomoni. Mpe dawa ya dharura ya glukagoni kama mnayo na ita msaada mara moja.

Na ikipita 250 yao, yaani 14 yetu, ikagoma kushuka, apime ketoni, na dozi ya kufidia ichomwe kwa sindano, siyo kwa pampu, maana huenda kijimrija kimechomoka kwenye patashika. Akianza kutapika ni hospitali. Kwa hiyo hata mwenye pampu asitembee bila sindano ya akiba. Nasema tena: sindano ya akiba!

Halafu usiku. Mwili uliotembea kutwa unaendelea kunyonya sukari hata mtu akiwa amelala. Apime kabla ya kulala, na mzazi aamke mara moja usiku amwangalie. Starehe ya mchana isije ikaleta kilio alfajiri.

WAPO WENGI, HAWAKO PEKE YAO

Mwaka 2000 familia za watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza zilianza kukutana hapo hapo Orlando, mkutano unaitwa Friends for Life. Wenye kisukari huvaa bangili ya kijani, wasio nacho ya rangi ya machungwa. Mtoto aliyezoea kuwa peke yake shuleni anageuka anaona kijani kila upande. Wazazi wanafundishana, na watoto wanakwenda kwenye bembea. Ni watoto walewale wenye pampu, na wanarudi salama kwa sababu wamejipanga.

Najua kuna msomaji hapa nyumbani anasema, dada unatuongelea pampu wakati sisi hata vijiti vya kupimia ni vya kuombaombea. Nakuelewa. Lakini mwenye sindano naye ana zamu yake ya kucheza. Yeye tena ana nafuu moja: akiba yake ya polepole iko mwilini, hakuna cha kuchomoa. Akienda baharini, kwenye mpira au harusini, kanuni hazibadiliki sana: pima kabla, beba sukari ya haraka, dawa isipigwe jua, mwenzako mmoja ajue hali yako, na usiku upime tena.

Na nyie akina mama, shangazi na walimu mnaosindikiza watoto, msianze na neno "hapana". Anzeni na maswali mawili: pampu itachomolewa saa ngapi, na nani ataishika? Mkishajibu hayo, kaeni nyie kwenye benchi na mikoba. Mtoto aende akapige mayowe.

Mimi si daktari, nimewaletea niliyoyachimba. Kabla ya safari, mwenye kisukari aonane na daktari wake. Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa!